Triathloni ya kwanza hapa Uganda: peke yangu, kupokezana, au duathloni?

Mkimbiaji_Ntinda
Habari za jioni wakuu. Mimi ni mtu wa kukimbia, kilomita 10 namaliza chini ya saa moja hata kwa vilima vya Naguru. Baiskeli ninayo, ile ya milimani yenye tairi nene. Kuogelea nimejifunzia ukubwani kwenye bwawa la hoteli: mita 25, napumzika, mita 25, napumzika. Nataka triathloni fupi, yaani kuogelea mita 750, baiskeli kilomita 20, kukimbia 5. Nimebaki na njia tatu. Niingie peke yangu. Au tuwe timu ya watatu tupokezane, mimi nikimbie. Au nianze na duathloni, unakimbia, unaendesha, unakimbia tena, maji huyagusi. Mnasemaje?

Dada_Bugolobi
Duathloni kaka, wala usiumize kichwa. Watu wanaidharau, lakini ndiyo itakayokuonyesha miguu inavyogoma ukishuka kwenye baiskeli. Dakika za mwanzo unakimbia kama umevaa gambuti zilizojaa tope. Hata uwe na pumzi za mkimbiaji wetu Cheptegei, hilo lazima ulizoee: kila wiki siku moja endesha, shuka, kimbia papo hapo hata kilomita mbili.

Fundi_Gia
Nakubali nusu. Duathloni inampendelea mkimbiaji, na huyu tayari ni mkimbiaji. Atamaliza vizuri, atafurahi, halafu mwakani atarudi na swali lilelile.

Baiskeli usinunue mpya. Toa tairi za vifundo uweke laini, jaza upepo, pandisha kiti mpaka goti libaki limekunjika kidogo tu pedali ikiwa chini. Kuna jamaa nilimwona na Roadmaster nyeusi, ile ya kubebea matoke, akimpita mwenye baiskeli ya kaboni kwenye mteremko. Mlimani alipitwa, sawa, lakini picha tunayo! Mazoezi fanya alfajiri kabla taksi na boda hazijaamka, na barabara ya mwendokasi ya Entebbe isahau. Halafu helmeti: funga mkanda kabla hujaigusa baiskeli, usiufungue mpaka uwe umeirudisha mahali pake. Waamuzi hawana mchezo na hilo.

Mama_Entebbe
Mnamzungusha na baiskeli wakati shida yake ni maji. Mdogo wangu, kwa kasi yako baiskeli itachukua karibu saa nzima, kuogelea hakufiki nusu saa. Lakini baiskeli ukichoka unasukuma. Ziwani ukichoka?

Bwawa na ziwa ni vitu viwili. Bwawani unafuata mstari chini, kila mita 25 kuna ukuta wa kushika. Victoria hapa kwetu unatia uso majini huoni hata kiganja chako. Usipoinua macho kila baada ya mikono michache kulitafuta boya, unajikuta unaelekea kwenye mitumbwi ya wavuvi. Mawimbi yanakupiga upande uleule unaovutia pumzi, na mbele yako kuna mtu anakupiga mateke ya kifua. Huko Ulaya asiyeogelea vizuri anasaidiwa kuelea na vazi la mpira. Kwa umbali huu sisi wa ridhaa tunakatazwa kulivaa maji yakizidi nyuzi 22, na Victoria inazidi. Kwa hiyo peke yako hapana, si mwaka huu.

Mkimbiaji_Ntinda
Mama Entebbe, asante kwa kunitisha vizuri. Na kichocho je?

Mama_Entebbe
Kipo, usidanganywe. Vijidudu vyake vinatoka kwenye konokono wa kandokando, penye matete na maji yaliyotulia, vinapenya ngozi nzima isiyo na kidonda. Usisimame kwenye matete ukipiga soga kabla ya kuanza. Na prazikwanteli, dawa yake, usiibugie kesho yake: inaua minyoo iliyokomaa, michanga inapona. Ngoja wiki sita hadi nane, nenda kituo cha afya wakupime, dawa wapige hesabu kwa uzito wako.

Wa_Kabale
Njooni ziwa Bunyonyi basi! Wenyeji tunaogelea bila hofu ya kichocho. Ila ni karibu mita 1,960 juu ya usawa wa bahari, mtu wa Kampala pumzi zinamkatikia mapema.

Mzee_wa_Boya
Mimi nasema kupokezana, ila kukimbia mwachie mwingine. Kuogelea ndiko uchukue wewe. Ukikimbia utapata nini usichonacho? Ukiogelea utaonja ziwa siku ya mashindano, kuna mitumbwi ya uokoaji, na ukitoka majini kazi yako imeisha. Sheria inakuruhusu kushika boya upumzike, mradi usijivute kwenda mbele.

Dada_Bugolobi
Mzee, na wenzake wawili wamngoje ufukweni mpaka jua lizame?

Mzee_wa_Boya
Ndiyo maana kuna sharti. Bwawani aende urefu ule mara 20 bila kushika ukuta, taratibu tu, halafu apate asubuhi kadhaa za ziwani na mtu pembeni kwenye mtumbwi. Asipofikisha, akimbie duathloni yako.

Mkimbiaji_Ntinda
Hapo nimekuelewa Mzee. Mara 20 nitazitafuta. Fundi, wewe chukua baiskeli, Dada kukimbia, kama hutajali kungoja ufukweni 😂

Dada_Bugolobi
Nitakuja na kiti.