Hili ghorofa refu wanataka kujenga nyuma ya Tom Mboya, nyinyi mnalionaje?

MapaziaTao

Habari zenu wadau. Naomba maoni ya wale wanajua mambo ya mjengo na hata wale hawajui mradi wanatembea tao kila siku. Nyuma ya barabara ya Tom Mboya hapa Nairobi, ukishuka kuelekea River Road, kuna zile nyumba za zamani za ghorofa mbili tatu, chini maduka, juu stoo na mafundi wa cherehani. Sasa tumeonyeshwa picha kwamba hapo kunakuja jengo la ghorofa zaidi ya 40, limechorwa na akitekti mwenye jina, na kusema ukweli michoro ni mizuri. Jengo ni la vioo, limejipinda likienda juu, kila baada ya ghorofa kadhaa kuna baraza yenye miti, usiku linawaka. Mimi si mtu wa kupinga maendeleo, nimezaliwa hii Nairobi na ningependa tao iwe na kitu kipya cha kujivunia.

Kinachonisumbua ni ile picha ya chini, ya barabarani. Nimeikuza kwa simu nikaiangalia sana. Hakuna mkokoteni hata mmoja. Hakuna matatu, hakuna mama wa chai, hakuna mtu amebeba bunda la vitambaa begani, na mahali wamepanda mti ndipo lori hushusha mali saa kumi na moja asubuhi kabla kanjo (askari wa kaunti) hawajaanza kuzunguka. Kuna watu wachache tu wamevaa suti. Sisi tumeenda wapi?

Kwa grupu yetu ya wafanyabiashara watu wamegawanyika vibaya, vijana wanalitaka, wazee wanasema hiyo ni njia ya kutufukuza tu. Nauliza: tukubali, tukatae ama kuna kitu kingine tunaweza kudai? Na mpangaji ana sauti kweli ama hii ni maneno ya mwenye ploti na kaunti?

RamaniNaRula

Mimi nafanya kazi ya kuchora kwa ofisi ya maakitekti (si hao wenu), na nitaanza kwa kusema msikatae kwa sababu ya urefu. KICC, lile jumba letu la mikutano, ilipojengwa kati ya 1967 na 1973 ilikuwa kitu cha ujasiri mkubwa, Mnorwe Karl Henrik Nøstvik akishirikiana na David Mutiso wetu, mita 105 kwa mji ambao majengo mengi yalikuwa ya chini, na leo ndiyo picha ya Nairobi kwa kila kalenda. Hii kaunti ilihesabiwa watu 4,397,073 mwaka 2019. Tusipoenda juu tunaenda pembeni, na pembeni ni mashamba ya Kiambu na Kajiado yanakatwa ploti ndogo ndogo, kisha watu wanaamka saa kumi usiku kuja kazini tao.

Lakini kuna kitu KICC inafanya ambacho hawa wa vioo hawafanyi. Ukisimama chini uangalie madirisha yake utaona yamerudi ndani, yamekaa kwa kivuli cha zege lenyewe, kwa hivyo jua halipigi kioo moja kwa moja. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, jua la mchana liko juu ya kichwa, linalotesa jengo ni la asubuhi na la jioni, linapiga kuta za mashariki na magharibi. Jengo la vioo lililojipinda linapigwa pande zote, halafu unawasha eyakondishona siku nzima kwa mji ulio karibu mita 1,700 juu ya bahari, mji ambao hewa ya dirishani inatosha! Hiyo bili ya stima italipwa na mpangaji. Kwa hivyo waulizeni kivuli cha madirisha kiko wapi.

Na kivuli cha jengo chini pia. Nimesikia watu wakisema tao itakuwa giza siku nzima, hiyo si kweli. Chukua jengo la mita 150. Saa tatu na nusu asubuhi jua likiwa kama nusu ya njia ya kupanda, kivuli ni mita 150 hivi kuelekea upande wa Moi Avenue, saa sita unusu kimebaki kidogo tu kwenye miguu ya jengo, alasiri kinahamia ng'ambo. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni upepo, kwa sababu ukuta mrefu ulio laini unauteremsha upepo mpaka chini, na mwenye meza ya nguo ama mwavuli ndiye atausikia kwanza.

FundiBomba

Wacha niongee ya kwangu maana ndiyo kazi yangu. Maji hayajui akitekti ni nani. Kila mita 10 za kwenda juu ni presha ya ba moja (ba ni kipimo cha presha), kwa hivyo kutoka tangi la chini ya ardhi mpaka juu mita 150 unahitaji pampu ya kushinda ba 15, na huwezi kuteremsha maji kutoka juu mpaka chini kwa bomba moja, mfereji wa ghorofa ya kwanza utapasuka. Unaweka matangi katikati, ghorofa fulani fulani zinakuwa za mitambo tu. Hiyo yote inawezekana, imefanywa Times Tower, imefanywa Upper Hill. Swali ni maji yenyewe yanatoka wapi, kwa sababu sehemu kubwa ya maji ya Nairobi inatoka bwawa la Ndakaini, na tunaishi kwa ratiba ya mgao, leo Eastleigh kesho South B. Wakisema watachimba kisima, sawa, waonyeshe kibali. Na maji taka je? Yale mabomba ya River Road kwenda chini yaliwekwa wakati wa nyumba za ghorofa mbili, mvua ikinyesha sana nyinyi wenyewe mnajua harufu inayotoka kwa vifuniko. Ukiongeza ghorofa 40 za vyoo kwa laini ile ile, itakayorudisha uchafu juu si ile ghorofa ya 40, ni nyinyi wa chini.

Moto. Hakuna ngazi ya gari la zimamoto ya kufika ghorofa ya 40, kwa hivyo jengo lazima lijiokoe lenyewe: ngazi mbili za kutorokea zilizotenganishwa na zisizoingia moshi, bomba la maji ya moto limesimama wima na lina presha saa zote, lifti ya wazima moto yenye stima yake. Na gari lifike mlangoni. Kituo cha zimamoto kiko hapo hapo Tom Mboya lakini jaribuni kupita na lori kwa hizo vichochoro saa kumi na moja jioni.

Halafu kitu kingine kinachoniuma roho. Majengo ya maneno makubwa yanaweza kukwama. Pinnacle ya Upper Hill ilizinduliwa 2017 na Rais Uhuru Kenyatta mwenyewe, ikasemwa itakuwa refu kuliko yote Afrika, ikaingia kesi ya ardhi, ujenzi ukasimama. Hiyo ilikuwa Upper Hill kwenye nafasi. Sasa fikirieni maduka yenu yamebomolewa, watu wametawanyika, halafu mjengo unakwama kwa msingi. Ulizeni pesa ya kumaliza iko ama inategemea kuuza vyumba kwa picha.

MzeeWaJeevanjee

Vijana nimewasoma nyote na nimefurahi. Mimi nataka kujibu lile swali la mwisho la mwenye mapazia, kama mtu wa kawaida ana sauti, kwa sababu sisi tuliokuwa watu wazima 1989 tuliona ilivyokuwa bila sauti.

Mwaka huo Kanu, chama kilichotawala, kupitia gazeti lake la Kenya Times, walitaka kujenga mnara wa ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Mwingereza Robert Maxwell akiwa mshirika wao, na sanamu kubwa ya Rais Moi mbele yake. Ungetetea vipi bustani mbele ya kitu kama hicho? Profesa Wangari Maathai akaandika barua. Hakuwa na jeshi, alikuwa na barua, aliandikia serikali, akaandikia wageni waliohusika na pesa, akauliza kwa nini bustani ya watu wasio na uwanja nyumbani ichukuliwe. Bungeni alitukanwa mpaka mambo ya ndoa yake. Green Belt Movement, shirika lake la kupanda miti, ikafukuzwa kwa ofisi. Akaenda Mahakama Kuu, na nataka mshike hapa, mahakama ikamwambia hana haki ya kushtaki, kwa sababu yeye binafsi hakuonyesha ameumizwa vipi kuliko mtu mwingine yeyote. Kesi ikatupwa hivyo, bila hata kuingia kwa maneno yenyewe. Aliyeua ule mnara si korti, ni kelele iliyofika kwa wenye pesa wakajitoa. Na miaka hiyo hiyo Jeevanjee Gardens, ile bustani ya tao, ilitaka kugeuzwa mahali pa kuegesha magari, mjukuu wake Jeevanjee, Zarina Patel, akasimama na watu wakasimama naye. Mimi hukaa pale mchana, kwa hivyo hii si historia ya mbali kwangu.

Sasa linganisha na leo. Katiba ya 2010, kifungu cha 70, inasema ukienda kortini kutetea haki ya mazingira safi huhitaji kuonyesha kwamba kuna mtu yeyote amepata hasara ama kuumia. Lile lango walilomfungia mama Wangari limefunguliwa kabisa. Kifungu cha 69 kinaiwajibisha serikali kuhimiza wananchi washiriki. Mradi mkubwa hivi lazima ufanyiwe ripoti ya athari za mazingira, NEMA (mamlaka ya mazingira) watangaze, na watu wapeleke maoni kwa maandishi. Wakipewa leseni bila kuwasikiza vizuri kuna traibyuno (korti maalum) ya mazingira, ile ile iliyofuta leseni ya mradi wa makaa ya mawe wa Lamu Juni 2019, na sababu moja kubwa ilikuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Lamu walikuwa wavuvi na watu wa kawaida, si matajiri.

Kwa hivyo usiulize kama una sauti, mwanangu. Uliza ripoti iko wapi.

MamaStoo

Mzee asante sana, hiyo ya NEMA ni ya jengo, mimi naongeza ya duka. Mlikuwa mnalipa godwili, ile pesa ya kuingilia duka? Mimi nililipa godwili kubwa kuingia mahali fulani hapo tao, risiti sikupewa, mwenye nyumba akaja kusema anarekebisha, tukatoka kwa haraka kwa sababu kila mtu aliogopa, na wakati watu walikuwa wanarudi kodi ilikuwa mara mbili na duka langu limekuwa ngazi. Hakuna kitu nilirudishiwa. Kwa hivyo msikimbie.

Iko sheria ya wapangaji wa maduka, Sura ya 301. Kama huna mkataba wa kuandikwa, ama uko nao lakini haupiti miaka mitano, wewe unalindwa. Mwenye nyumba hawezi kukutoa kwa mdomo ama kwa meseji ya keateka, lazima akupe notisi kwa fomu yake maalum, miezi miwili kwenda juu, na aandike sababu. Kubomoa ili ajenge upya ni sababu inayokubalika, sitawadanganya, lakini lazima athibitishe kweli anataka kujenga, na wewe unaweza kupinga kwa traibyuno ya kodi za biashara kabla notisi haijaisha. Ndani ya mwezi mmoja umjibu kwa maandishi kama unakubali ama hukubali. Ukinyamaza siku zikapita, ndio basi.

MapaziaTao

Mmenipa nguvu, kweli. Mama Stoo, wengi wetu hatuna mkataba, tuna risiti za M-Pesa tu za kodi, nadhani hizo tuzichape zote tuweke kwa faili moja. Mzee, kesho natuma watu wawili waende kuuliza kama hiyo ripoti imeshapelekwa NEMA ama bado.

RamaniNaRula, nikipata michoro kamili niangalie nini kwanza? Maana wametupa zile picha za rangi peke yake.

RamaniNaRula

Kaka, achana na zile za rangi. Itisha mchoro wa sakafu ya chini wenye vipimo. Angalia lori litaingilia wapi na kama kuna mahali pa kushusha mali ndani ya ploti, la sivyo kila kitu kitamwagwa barabarani. Hesabu milango ya maduka inayoangalia nje na upana wa kila moja, mkiona kioo kirefu na mlango mmoja wa mapokezi basi mjue hakuna nafasi yenu hapo. Dai maduka madogo yaandikwe kwa mchoro, si kwa ahadi, kwa sababu mchoro ndio unapewa kibali. Mimi naona hiyo ndiyo vita ya maana, hata kuliko zile ghorofa 40 juu. Nitumie ukishapata, nitakaa nao jioni nikuwekee alama.

FundiBomba

Na uangalie jenereta itakaa upande gani na moshi wake utatokea wapi. Mara nyingi huelekezwa kwa kichochoro cha nyuma, na kwa maelezo yako hapo nyuma ndipo mafundi wa cherehani wako na madirisha.