Kompyuta sita za AZERTY: nibadilishe kibodi au nibadilishe mazoea?

Mpigachapa wa Ujiji:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaendesha ofisi ndogo ya kupiga chapa na kudurufu hapa Kigoma. Nimenunua kwa bei nafuu kompyuta mpakato sita za mitumba kutoka Ubelgiji, zote nzima, ila kibodi zake ni za AZERTY, yaani mpangilio wa Kifaransa ambao safu yake ya juu ya herufi huanza na A, Z, E, R, T, Y. Mabinti wawili wanaonisaidia walijifunza kuchapa kwenye QWERTY, mpangilio wa Kiingereza tuliouzoea, bila kutazama vidole, na siku ya kwanza kila walipoandika "mama" skrini iliwaonyesha ",q,q". Je, ninunue kibodi mpya, nibandike stika, au kuna njia nyingine? Na kwa nini watengenezaji wasituletee kibodi ya namna moja, dunia nzima ikajifunza hiyo hiyo?

Fundi Kirumba:
Mzee wangu, usinunue chochote kwanza. Kibodi yenyewe haijui herufi. Kitufe kikibonyezwa hutuma namba inayoonyesha mahali kilipo, na mfumo endeshi, kama Windows, ndio unaoamua kwamba mahali hapo pasomwe A au Q. Yaliyochorwa juu ya kitufe ni rangi tu. Ukichagua mpangilio wa Marekani, ambao ndio QWERTY, kwenye mipangilio ya lugha, mabinti wanaochapa bila kutazama wataendelea na kazi dakika hiyo hiyo, na stika utawabandikia wateja wanaodonoa herufi moja moja.

Kinachonisumbua mimi ni umbo. Kibodi za Ulaya zina Enter ndefu ya wima, Shift fupi ya kushoto, na kitufe cha ziada kati ya Shift hiyo na safu ya chini ya herufi, ndiyo maana kibodi yao kamili ya mezani ina vitufe 105 na ya Kimarekani 104. Umbo hilo haliponyeki kwa stika. Kulibadilisha ni kubadilisha kibodi yote, na hapo ndipo ninapowalaumu wabunifu: kompyuta mpakato nyingi za zamani kibodi ilitoka kwa kufungua skrubu chache, lakini nyingi za siku hizi imeshikizwa kwenye kifuniko cha juu kwa pini za plastiki zilizoyeyushwa, hata fundi analazimika kununua kifuniko kizima. Wasituambie kwamba wembamba wa mashine ndio unaowalazimisha, kwa sababu kampuni ya Framework imekuwa ikiuza tangu mwaka 2021 kompyuta nyembamba ambazo mwenyewe anabadilisha kibodi nyumbani, tena kwa lugha anayoitaka.

Mwana wa Bukavu:
Ndugu fundi amesema vema kuhusu namba za vitufe, lakini asiichukulie AZERTY kama kasoro ya kutibiwa. Sisi tunaoandika barua ya Kifaransa asubuhi na ya Kiswahili jioni tunapata é, è, ç na à kwa kubonyeza mara moja, ingawa nakiri kwamba kushika Shift ili kupata tarakimu ni adhabu kwa mhasibu. Ufaransa ilipotoa kanuni mpya ya kibodi mwaka 2019, ilipanga upya alama nyingi lakini ikaziacha herufi 26 mahali pake, maana vidole vya watu wazima havihamishwi kwa tangazo.

Nakubali jambo moja dhidi yetu. Herufi A, ambayo Kiswahili hakiwezi kwenda hatua mbili bila hiyo, kwetu iko safu ya juu, na Q ambayo Kiswahili hakina kabisa imekalia safu ya kati vidole vinapopumzika. Lakini M yetu nayo iko safu hiyo ya kati, kando ya L. Hesabu basi mtu, mti, mwalimu na mgonjwa wote wa siku moja. Kama una wateja wa Uvira na Bujumbura, waachie mashine mbili bila kuzigusa, na uchague mpangilio wa Ubelgiji, si wa Ufaransa, kwa kuwa alama kadhaa hutofautiana.

Mfasiri Leipzig:
Huku Ujerumani tuna QWERTZ, ambapo Y na Z zimebadilishana nafasi. Mwenzetu anapata ",q,q" na kosa linaonekana papo hapo. Mimi nikisahau mpangilio, "kalamu yangu" inakuwa "kalamu zangu" na "barua yetu" inakuwa "barua zetu"; sarufi inasimama, kisahihishi kinanyamaza, na mteja anapokea wingi ambao hakuuagiza.

Nakuonya pia, mzee: katika orodha chagua mpangilio wa Marekani wa kawaida, usichague ule unaoitwa wa kimataifa. Katika huo wa kimataifa ritifaa (alama ya ') husubiri vokali inayofuata na kuipandia kichwani, kwa hiyo ng'ombe anakuwa "ngómbe" na ng'ambo inakuwa "ngámbo", mpaka ubonyeze nafasi tupu baada ya ritifaa.

Mpigachapa wa Ujiji:
Nashukuru sana. Nne nimeziweka mpangilio wa Marekani wa kawaida na mbili nimeziacha kama zilivyo. Jana mteja kutoka Bujumbura alikaa kwenye mojawapo na hakuuliza kitu. Limebaki lile la umbo: kidole kinachotafuta Shift ya kushoto kinaangukia kitufe cha ziada, na badala ya "Kigoma" tunapata "\kigoma".

Fundi Kirumba:
Kama ni Windows, pakua programu ya PowerToys ya Microsoft, ni bure. Ndani yake kuna sehemu ya kupangia vitufe kazi upya. Kiambie kitufe hicho cha ziada nacho kiwe Shift. Kidole kitakosea vile vile, ila karatasi haitaonyesha.