Kisumu hadi Jinja na Entebbe kwa gari: ramani ya simu itaongoza bila bando?

Mama_Kondele
Hamjambo wenzangu. Likizo ya Desemba tunaenda Uganda na gari letu dogo: Kisumu, Busia, siku mbili Jinja, kisha Kampala na Entebbe. Naendesha mwenyewe na simu ndiyo itakayoniongoza. Sitaki kutegemea bando nikishavuka mpaka. Ramani itafanya kazi bila intaneti? Nipakue nini, na ni wapi hasa huwa inapotosha watu? Kuna anayenishauri ninunue kile kifaa cha jipiesi cha kubandika kwenye kioo, kilichotumika.

Fundi_Milimani
Dada, tenganisha mambo mawili. Mahali ulipo simu inapajua kwa setilaiti, na kazi hiyo haitaki bando wala laini. Bando linaliwa na ramani yenyewe, kutafuta majina na habari za msongamano. Ukiwa na ramani ndani ya simu, utafika Entebbe.

Kwenye Google Maps gusa picha yako juu kulia, ingia ramani za nje ya mtandao, kisha chagua eneo mwenyewe. Vuta fremu ianzie mashariki ya Kisumu na ipite magharibi ya Entebbe. Ukipakua vipande viwili, hakikisha vinapandana pale Busia, la sivyo njia itakatika mpakani. Weka pia Organic Maps, ni ya bure. Humo pakua Kenya na Uganda zote, maana ukiwa na nchi moja tu haiwezi kuchora njia inayovuka. Kuwa na programu mbili kunasaidia sana: hoteli inayokosekana kwa moja mara nyingi iko kwa nyingine.

Halafu jaribu kabla ya safari. Weka simu kwenye hali ya ndegeni, washa huduma ya mahali (location), endesha kutoka Kondele hadi Mamboleo. Mshale ukikufuata, uko tayari. Ukiganda, zima kwanza hali ya kuokoa betri, hiyo ndiyo huzuia mara nyingi. Na bila data simu inaweza kukaa dakika kadhaa ikitafuta setilaiti mara ya kwanza, kwa hiyo iwashe uwanjani, si chini ya bati.

Njia_ya_Ugunja
Mimi naongezea majina, maana hapo ndipo wengi hupotelea. Busia ziko mbili, ya Kenya na ya Uganda, na Malaba vilevile. Luanda utaipita ukishatoka Maseno, lakini simu inaijua pia Luanda mji mkuu wa Angola. Soma nchi iliyoandikwa chini ya jina la mji kabla hujagusa Anza.

Hoteli ikikutumia namba za mahali, zinakili zilivyo, usizichape upya. Kisumu iko kusini ya ikweta, ndiyo maana namba yake ya kwanza ina alama ya kutoa: -0.09, 34.77. Jinja iko kaskazini: 0.44, 33.20. Ukiiwekea Jinja ile alama ya kutoa, simu inakupeleka katikati ya Ziwa Victoria. Wanaokwenda Mwanza hukosea kinyume chake: ni -2.52, 32.92, na alama ikidondoka unaelekezwa karibu na Lira, kaskazini ya Uganda.

Safari igawe: Kisumu–Busia, Busia–Jinja, Jinja–Kampala. Ukitoka kituo kimoja unaanza kingine, na kosa likitokea unaliona mapema.

Mama_Kondele
Nimeelewa vizuri, asanteni sana. Na zile njia za mkato zinazopendekezwa? Tena simu yangu hupata moto sana ikiwa kwenye dashibodi.

Dereva_Ahero
Mama, njia ya mkato ipigie hesabu kwanza. Simu ikikuambia kilomita 40 kwa saa moja na nusu, hiyo ni mwendo wa kilomita 27 kwa saa. Hiyo ni murram, barabara isiyo na lami, na mvua ikinyesha usiiguse na gari dogo. Saa ya kufika pia usiiamini: bila mtandao haioni msongamano, wala haihesabu foleni ya mpakani. Pale Busia fuata vibao na maafisa kuliko mshale. Ni kituo cha pamoja, hivyo ukienda Uganda taratibu za nchi zote mbili unazimalizia upande wa Uganda.

Kile kifaa cha kioo, uliza ramani yake ni ya mwaka gani kabla hujatoa pesa. Daraja jipya la Nile pale Jinja, lenye urefu wa mita 525, lilifunguliwa Oktoba 2018. Kabla ya hapo magari yalipita juu ya bwawa la Nalubaale. Ramani kongwe itaonyesha gari lako likiwa majini, huku sauti ikikusihi ugeuke urudi bwawani. Usigeuke. Kwa pesa hiyo, mimi ningenunua kishikio imara na chaja nzuri.

Kampala hadi Entebbe iko barabara ya kulipia tangu Januari 2022, gari dogo shilingi 5,000 za Uganda. Kama uliwahi kuwasha "epuka barabara za kulipia" kwa ajili ya ile ya juu ya Nairobi, bado imewashwa, na itakupitisha barabara ya zamani yenye foleni. Angalia mpangilio huo ukiwa bado nyumbani.

Moto unatokana na jua la kioo cha mbele pamoja na skrini kung'aa huku simu ikichajiwa. Ikizidi, simu hupunguza mwanga, huacha kuchaji, mwishowe hujizima. Funga kishikio kwenye tundu la hewa na ufungulie hewa baridi. Chaja ya ampea 1 haitoshi, betri itashuka ingawa waya umechomekwa. Tafuta ya ampea 2.4 au wati 18, na waya mfupi usiolegea.