Up the Women: sehemu 9 tu, ndiyo imetoka hiyo?

Wakuu, habari zenu. Leo nina hasira na sitaficha.

Nimeiangalia tena Up the Women, na kila nikifika mwisho damu inachemka. Kwa wasioijua, ni tamthilia ya kuchekesha ya BBC. Kaiandika Jessica Hynes, na ndiye anayecheza Margaret. Mwaka ni 1910, mji mdogo wa Banbury, Uingereza, ndani ya ukumbi wa kanisa ambamo akina mama wa heshima wanakutana kufanya kazi za mikono. Margaret kaenda London, kakutana na wanawake wanaodai kura, karudi moto umemwingia. Helen (Rebecca Front), anayekitawala kikundi, hataki hata kusikia. Mwishowe wanajipa jina refu linalosema wanaomba, kwa adabu, wanawake waruhusiwe kupiga kura. Kwa adabu! Kicheko kipo hapo na uchungu upo hapohapo: watu waliolelewa wasimuudhi yeyote sasa wanataka sheria ya nchi ibadilike, na bado wanaogopa kumuudhi mtu.

Sasa tazameni walichofanyiwa. 2013 BBC Four ikawapa sehemu 3. Tatu jamani! 2015 wakahamishiwa BBC Two, sehemu 6. Msimu wa tatu haukuagizwa.

Dad's Army, komedi nyingine ya BBC, ya wazee wa kiume na bunduki zao, nao mikutano yao ni ukumbi wa kanisa, ilipata sehemu 80 kuanzia 1968 hadi 1977. Naipenda na sina ugomvi nayo. Ila ile ilipewa muda watu wawazoee wahusika hadi wakawa kama majirani. Kwa hiyo asije mtu hapa na hoja ya watazamaji wachache. Sehemu 3, mtu atamzoea nani saa ngapi?

Kinachoniuma kuliko vyote, wameikata pale historia yenyewe inapoanza kunoga. Novemba 1910 wanawake waliandamana kwenda Bungeni, polisi wakawapiga na kuwadhalilisha. Aprili 1911 ikaja sensa, wengi wakagoma: kama hatuna kura, msituhesabu. Emily Wilding Davison, mmoja wa wanawake hao waliodai kura, alikwenda kujificha kabatini ndani ya jengo la Bunge usiku ule wa sensa, ili makazi yake yaandikwe ni Bunge. Hiyo ni kweli tupu, na ni komedi iliyokwisha kujiandika! Hebu mfikirieni Gwen, mmoja wa akina mama wa kikundi cha Margaret, humo kabatini. Halafu vioo vya maduka London walivyovivunja wanawake hao mwaka 1912, kisha 1918 kura kwa wenye miaka 30 na kuendelea, tena kwa masharti ya mali, hadi 1928 ndipo wakalingana na wanaume. Yote hayo yalikuwa mbele yao, wakafungiwa mlango!

Aliyeiona aseme. Na anayeona ilistahili kukatwa, aje na hoja, nipo hapa.