Naomba ushauri: nawezaje kuitambua sauti ya Roho Mtakatifu nikiwa kazini?

Bwana Yesu asifiwe wapendwa.

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda sokoni. Alfajiri nasoma Neno na kuomba, na moyo unatulia kabisa. Shida inaanza nikishafungua kibanda: redio ya jirani, wateja wanaodai nguo zao, umeme kukatika. Hadi jioni sijamkumbuka Mungu.

Ila juzi nilikuwa nampima mama mmoja, futi bado iko kiunoni kwake, nikasikia msukumo wa kumuuliza kama nyumbani wako salama. Nikamuuliza. Alikaa kwenye benchi, akalia, mumewe amelazwa. Tukaomba palepale katikati ya vitenge. Siku nyingine msukumo kama ule unakuja, nauliza, mtu ananishangaa tu. Sasa nitajuaje kama ni Roho au ni huruma yangu mwenyewe?

Nasoma Waebrania 5:14 kwamba kupambanua mema na mabaya ni jambo la mazoezi, na 1 Wathesalonike 5:21 inasema tujaribu mambo yote. Naamini hivyo kwa moyo wote. Lakini hata Samweli aliitwa na Mungu akakimbilia kwa kuhani Eli mara tatu akidhani ndiye aliyemwita, ndipo Eli akamwelekeza namna ya kuitika. Mimi sina Eli wa karibu; mchungaji wetu anahudumia mitaa kadhaa.

Mliokomaa, hasa mnaofanya kazi zenye kelele, mnajizoezaje? Mnaomba saa ngapi mchana? Na msukumo mnaupimaje kabla ya kufungua kinywa?