Mjadala: Carlos Pavón au David Suazo, nani mchezaji mkubwa zaidi wa soka katika historia ya Honduras?

Mleta mada:

Ndugu wasomaji, mara kwa mara nimekutana na hoja kwamba David Suazo ndiye mchezaji mkubwa kuliko wote waliotoka Honduras, na kwamba swali hili lilikwisha msimu wa 2005/06, alipoifungia Cagliari, klabu ya kisiwa cha Sardinia, mabao 22 katika Ligi Kuu ya Italia. Naomba tulifungue upya. Kwa maoni yangu nafasi hiyo ni ya Carlos Pavón, na ushahidi wangu mkubwa hauko Ulaya, bali uko San Pedro Sula na San Salvador, katika siku chache za Oktoba 2009.

Tarehe 10 ya mwezi huo, siku moja tu baada ya Pavón kutimiza miaka 36, Honduras iliikaribisha Marekani mjini San Pedro Sula ikiwa imebakiza mechi 2 za kufuzu Kombe la Dunia. Nchi ilikuwa katika hali ngumu, kwa kuwa jeshi lilikuwa limemwondoa Rais Manuel Zelaya madarakani tarehe 28 Juni, na kwa miezi kadhaa watu walikuwa wameishi na amri za kutotoka nje na maandamano. Julio César de León alifunga mabao 2 ya mipira ya adhabu, lakini Wamarekani walikuwa mbele kwa 3-2 pale Honduras ilipopata penalti dakika za mwisho. Aliyeiendea ni Pavón, naye akaipaisha juu ya goli. Mechi ikaisha hivyo hivyo, Costa Rica ikaipita Honduras kwenye msimamo, na mzigo wa taifa zima ukamwangukia mtu mmoja.

Siku 4 baadaye kocha Reinaldo Rueda alimpanga tena. Uwanja ulikuwa Cuscatlán, San Salvador, mji mkuu wa El Salvador, na hakuna ugenini mgumu kuliko huo kwa Mhonduras: El Salvador na Honduras zilipigana Julai 1969, wiki chache baada ya kukutana katika mechi za kufuzu, ingawa chanzo cha vita hivyo kilikuwa ardhi na wahamiaji zaidi kuliko mpira. Honduras ililazimika kushinda na kisha kuomba Costa Rica isiishinde Marekani mjini Washington. Dakika ya 64 Pavón alifunga kwa kichwa, na bao hilo likawa pekee. Washington, Costa Rica iliyokuwa ikiongoza 2-1 ilisawazishiwa na Mmarekani Jonathan Bornstein katika dakika ya 5 ya muda wa nyongeza, na Honduras ikapita kwa tofauti ya mabao. Ilikuwa imelisubiri Kombe la Dunia tangu 1982. Serikali ya mpito ilitangaza siku iliyofuata kuwa ya mapumziko, na kwa siku hiyo moja waliokuwa wakigombana barabarani walikuwa na jambo la kushangilia pamoja.

Takwimu nazitaja kwa ufupi. Pavón aliichezea timu ya taifa mara 101 na kufunga mabao 57, na hakuna Mhonduras aliyefunga zaidi yake. Suazo alicheza mara 57 na kufunga mabao 17. Nakiri kwamba Pavón hakung'ara Italia. Alipita Udinese na Napoli bila kuacha alama, na heshima yake ya klabu aliipata hasa Mexico, ambako alikuwa bingwa na Morelia mwaka 2000. Lakini swali letu ni nani mkubwa katika historia ya Honduras, na historia hiyo, kwa mtazamo wangu, huandikwa kwanza na jezi ya taifa.

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mleta mada, nimekusoma kwa makini, na simulizi la San Salvador silipingi hata kidogo. Ninachokipinga ni kumpima Suazo kwa mizani ambayo kila mtu anajua mapema kwamba itamwonea.

Suazo alitua Cagliari mwaka 1999 akiwa kijana wa miaka 19, chini ya kocha Óscar Tabárez, kutoka nchi ambayo vijana wake hawakuwa na njia iliyofunguliwa kwenda Italia. Mwaka uliofuata timu ilishuka daraja. Wengi katika hali yake wangetafuta mlango wa kutokea, lakini yeye alibaki kwenye daraja la pili kwa misimu 4, akafunga mabao 19 katika msimu wa 2003/04 akiwa pamoja na Gianfranco Zola, na timu ikarudi juu. Ndipo yakaja hayo mabao 22. Tafadhali zingatia uzito wake: Gigi Riva, ambaye kisiwani Sardinia huheshimiwa kuliko mchezaji mwingine yeyote, alifunga 21 katika msimu wa 1969/70, Cagliari ilipotwaa ubingwa wake pekee. Mhonduras alimpita kwa bao moja, na mwaka huo aligawana na Kaká tuzo ya mchezaji bora wa kigeni nchini Italia. Mwaka 2007 Inter na Milan zilimgombea hadharani. Milan ilikuwa imeshatangaza kumpata, kisha ikajitoa, akaenda Inter na kutwaa ubingwa wa 2007/08.

Baada ya hapo yalifuata majeraha, mkopo Benfica, mkopo Genoa, kisha Catania, na mwaka 2013 alistaafu kwa sababu ya goti. Wasomaji wetu wa Kenya watakumbuka kwamba McDonald Mariga alijiunga na Inter mwanzoni mwa 2010, wakati uleule ambao Suazo alipelekwa Genoa, hivyo wanaelewa jinsi ilivyo vigumu kwa mchezaji wa nchi zetu kupata nafasi katika kikosi cha aina ile. Mtu aliyekuwa akivuka bahari ya Atlantiki kwa kila mwito wa taifa, mara nyingi akiuguza misuli, hawezi kuhesabiwa mabao sawasawa na aliyekuwa akicheza Mexico, saa chache tu kutoka nyumbani. Tena baadhi ya mabao 57 ya Pavón yalifungwa dhidi ya timu ndogo za visiwa vya Karibi, ilhali ya Suazo yalipita mbele ya mabeki wa Juventus na Milan.

Mchangiaji wa pili:

Mnabishana kana kwamba waliokuwapo ni wawili tu. Copa América ya 2001, mashindano ya mataifa ya Amerika Kusini, Honduras ilialikwa dakika za mwisho baada ya Argentina kujitoa, ikaitoa Brazil kwa 2-0 mjini Manizales, ikamaliza ya 3, na mchezaji bora wa mashindano akawa Amado Guevara. Naomba jina lake liingie katika mizani hii.

Mleta mada:

Nawashukuru nyote. Kuhusu Guevara sina ubishi mkubwa. Namweka wa pili, mbele ya Suazo, na ningefurahi kumwona mtu akimtetea kwa urefu.

Kwa ndugu mchangiaji wa kwanza, hoja ya majeraha na safari naipokea, na nasahihisha neno langu: mabao 17 ya Suazo si dalili ya moyo mdogo. Hoja ya timu ndogo siipokei. Juni 2001, mjini San Pedro Sula, Honduras iliifunga Mexico 3-1 na mabao yote 3 yalikuwa ya Pavón. Ndiyo timu kubwa ya kanda ile, na ndiyo nchi ambayo Pavón alikuwa akilipwa mshahara. Kampeni hiyo iliishia kwa huzuni, kwani Oktoba mwaka huohuo Honduras ilifungwa nyumbani 1-0 na Trinidad na Tobago, na Kombe la Dunia la 2002 likapotea. Kwa hiyo alipoipaisha penalti ile ya 2009, alikuwa mtu anayejua vizuri nafasi ya namna hiyo inavyoponyoka.

Huko Afrika Kusini, kwenye Kombe la Dunia la 2010, Pavón alianza dhidi ya Chile wakati Suazo akiwa majeruhi, na Honduras ikafungwa 1-0. Suazo aliporudi dhidi ya Hispania na Uswisi, Pavón alikuwa benchi. Hawakuwahi kusimama pamoja uwanjani kwenye Kombe la Dunia, timu ikarudi nyumbani bila bao hata moja, na Wahonduras wakasubiri hadi 2014, Carlo Costly alipoifunga Ecuador. Katika mashindano yenyewe, basi, hakuna kati yao anayemzidi mwenzake. Wanaoshikilia upande wa Suazo naomba wanijibu hili: bila kichwa kile cha dakika ya 64, mechi zake hizo 2 za Kombe la Dunia zingetoka wapi?