Presha ya macho imeshuka hadi 15 lakini uwanja wa kuona unazidi kupungua. Damu inahusikaje?

Zabibu_ya_Hombolo:
Mbukwenyi wakuu. Mzee wangu ana miaka 66, yuko Ipagala, ana glakoma macho yote (ugonjwa unaoharibu mshipa wa fahamu wa jicho). Matone ya timolol 0.5% asubuhi na saa 2 usiku imeshusha presha ya macho kutoka 26 hadi 15. Lakini kipimo cha uwanja wa kuona kimeshuka tena, na daktari kaona kidoa cha damu ukingoni mwa mshipa wa fahamu wa jicho. Presha ya mwili 108/60. Anameza vidonge vya presha, amlodipine 10 mg na losartan 50 mg, saa 3 usiku. Kaambiwa "mzunguko wa damu", basi. Tukaulize nini?

Mwana_Chamwino:
Mkuu, chukua namba ya chini ya presha ya mwili, toa ya jicho: 60 − 15 = 45. Ndiyo nguvu inayobaki ya kuingiza damu jichoni moyo ukiwa umepumzika. Ni ndogo. Usiku mwili hujishushia presha, kwa kawaida 10 hadi 20%, na jicho hupanda kidogo mtu akilala. Kwake dawa nazo zinaongezea saa hizo hizo. Tuseme ya chini ifike 48, jicho 18: zinabaki 30. Kliniki anapimwa asubuhi, amekaa kitini, kwa hiyo usiku wake haumo kwenye faili.

Nguvu hiyo ikishuka, jicho lisilo na ugonjwa hufidia kwa kutanua vimishipa vyake. Kwa wagonjwa wengi wa glakoma fidia hiyo imelegea, na nyuzi za mshipa wa fahamu zinakosa oksijeni pale zinapotokea nyuma ya jicho. Kile kidoa maana yake ugonjwa unatembea. Hufutika baada ya wiki kadhaa, kipigwe picha mapema.

Nzuguni_B:
ASIACHE vidonge mwenyewe, kiharusi hakina subira. Omba kipimo cha presha cha saa 24. Kikikosekana, mashine ya mkononi siku 7: kabla ya kulala, saa 10 alfajiri, na akiamka kabla ya dawa. Akae dakika 5 kwanza, mkono usawa wa moyo. Mpelekee daktari wa presha karatasi hiyo. Kuhamishia amlodipine asubuhi peke yake hakubadilishi sana, maana inakaa mwilini zaidi ya siku. Mjadala ni kuhamisha losartan, au dozi kupunguzwa.

Mwana_Chamwino:
Na timolol ya usiku iulizwe. Usingizini jicho hutengeneza maji kidogo tayari, faida yake ni ndogo, ila ikipitia puani inaingia kwenye damu na kushusha presha na mapigo ya moyo. Tone moja, afumbe jicho, abonyeze kwa kidole kona ya ndani, pale kwenye mfupa wa pua, dakika 2. Akiwa na pumu aseme leo leo.

Kikuyu_Kusini:
Msikimbilie damu tu. Konea, kile kioo cha mbele ya jicho, imepimwa unene? Ikiwa nyembamba, hiyo 15 inaweza kuwa 18 halisi. Tiba iliyothibitishwa bado ni kushusha presha ya jicho, na kwa mtu anayezidi kupoteza uwanja, 15 si lengo. Huenda akahitaji 12 au chini.

Zabibu_ya_Hombolo:
Konea haijapimwa. Halafu anakoroma sana, pumzi inakatika kabisa kisha anashtuka. Nalo niseme?

Nzuguni_B:
Liwe la kwanza. Pumzi ikikatika oksijeni inashuka, na mshipa ule ule ndio unaoumia. Nanyi watoto wake mkifika 40 mkapimwe mshipa wa fahamu, si miwani tu.